Mvumo Unaofunika Sauti ya Bibi

Mnamo mwaka wa 1858, Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utendi wa mawaidha. Kalamu iliyahifadhi maneno yake, na hadi leo yanasomwa majumbani mwetu. Sauti yake mwenyewe haikubaki, kwani zama zile chombo cha kunasa sauti hakikuwapo. Sisi tumejaaliwa vyombo hivyo. Aghalabu ya nyumba zina simu nzuri, na baadhi ya vijana wetu wamenunua maikrofoni na kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta, wakakigeuza chumba kimoja kuwa studio ndogo.

Vyombo hivi huleta adha yake. Familia humketisha bibi, akasoma tenzi, akataja nasaba za ukoo, akaeleza jinsi arusi zilivyopambwa zamani. Siku ya pili wanaposikiliza, hukuta chini ya maneno yake mvumo mzito usiokoma, kama wa mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Kazi huwa imeharibika, na si kila mara mzee hupata nguvu ya kuyasema tena yale yale. Kwa hivyo ni bora mvumo usakwe na uondolewe kabla mzee hajaketi kitini.

Asili ya mvumo

Umeme wa nyumba zetu nchini Kenya ni wa volti 240, nao hugeuka mwelekeo, ukaenda na kurudi, mara 50 kwa kila sekunde. Mgeuko huo ukipenya katika waya wa sauti, husikika kama mvumo wa mitetemo 50 kwa sekunde, pamoja na wenziwe wa 100, 150, 200 na kuendelea.

Sauti ya mwanamume anapozungumza huwa baina ya mitetemo 85 na 180 kwa sekunde, na ya mwanamke baina ya 165 na 255, kwa kukadiria. Mvumo umeketi mle mle inamoketi sauti ya binadamu. Ndiyo sababu programu za kusafisha sauti, hata zikiwa hodari, huuondoa mvumo pamoja na kipande cha sauti ya mzee, akabaki akisikika kama anayesemea ndani ya mtungi.

Kwanza, usikilize

Kabla ya kuchomoa waya wowote, vaa hedifoni, nasa kimya cha chumba kwa nusu dakika, kisha usikilize ulichonasa. Kila adui ana mlio wake.

Mvumo mzito ulio sawasawa, usiopanda wala kushuka, mara nyingi hutokana na umeme. Mlio mkali kama wa nyuki aliyefungiwa chupani aghalabu huletwa na chaja, swichi ya kupunguza mwanga wa taa, au inveta ya bei nafuu. Mdundo wa haraka unaokuja kwa vipindi, kisha simu ikaita, ni wa simu yenyewe. Iweke chumba kingine au uizime. Ama ngurumo inayoanza na kunyamaza kila baada ya muda, hiyo ni friji.

Kuna tofauti nyingine ambayo wengi huisahau. Mvumo unaousikia kwenye spika huenda haumo kabisa katika kile ulichonasa. Usiwahukumu watu wa nyumba kwa makelele ya spika; sikiliza rekodi yenyewe kwa hedifoni.

Umo chumbani au umo katika waya?

Hili ndilo swali la pili. Zima feni, zima friji, funga madirisha, kisha nasa tena. Mvumo ukitoweka, ulikuwa hewani, na dawa yake ni kuvizima vyombo hivyo wakati wa kurekodi. Friji iliyofungwa huhifadhi baridi yake kwa saa kadhaa, kwa hivyo nusu saa haiidhuru. Wanaorekodi majumbani wana hila nzuri: huweka ufunguo wa gari au wa mlango ndani ya friji, ili asiwepo atakayeondoka akasahau kuiwasha tena.

Mvumo ukibaki, umo katika waya. Chomoa maikrofoni kwenye kisanduku, kisha usikilize. Mvumo ukinyamaza, shina lake ni maikrofoni, au kebo yake, au kitu kilicho karibu nazo. Ukiendelea, shina liko nyuma yake: kisanduku, kompyuta au chaja. Kwa tendo hilo moja umeigawa nyumba nusu kwa nusu, na nusu moja huna haja ya kuipekua.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja

Msako wataka subira. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hata akifanikiwa hajui kilichomponya. Anza na yaliyo mepesi, na kila mara usikilize kabla ya kuendelea.

Chomoa chaja ya kompyuta, itumie kwa betri. Mvumo ukikatika, mhalifu umempata. Ijaze betri mapema, na siku ya kurekodi chaja ikae kabatini. Hili peke yake huziokoa nyumba nyingi.

Kisha itazame kebo ya maikrofoni. Isilale sambamba na waya wa umeme wala isipite juu ya chaja. Ikibidi zikutane, na zipishane kama msalaba wa njia panda. Jaribu pia kebo nyingine, kwani ganda la waya linalozuia makelele likikatika ndani, huwezi kuliona kwa macho. Kebo ya maikrofoni yenye pini tatu ni bora kuliko ile nyembamba ya kawaida. Ndani yake sauti husafiri kwa nyaya mbili zilizo kinyume. Makelele yanayoingia njiani huingia katika zote mbili kwa usawa, na yanapofika mwisho hufutana, sauti ikabaki.

La tatu ni kile mafundi wanachokiita kitanzi cha ardhi. Kompyuta imechomekwa katika soketi ya ukuta huu, na spika katika soketi ya ukuta ule. Kila kimoja kina waya wake wa ardhi. Kebo ya sauti ikiviunganisha, nyaya hizo hufanya duara, na mkondo mdogo huzunguka humo, ukaacha mvumo katika sauti. Dawa yake ni kuvichomeka vyombo vyote vya kurekodi katika soketi moja, kwa ekstensheni moja iliyo nzima. Vyombo hivi hula umeme kidogo, lakini usiongeze pasi wala birika katika ekstensheni hiyo hiyo.

Mwisho, msogeze msemaji karibu. Maikrofoni ikiwa umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, huhitaji kuikuza sauti kwa nguvu; na ukipunguza kiwango cha kukuza, mvumo unaotoka kwenye kebo hupungua pamoja nacho, hali sauti ya bibi inabaki pale pale.

Usithubutu kukata pini ya ardhi

Hapa tunaomba kila mzazi asome kwa makini. Wapo wanaoshauri kwamba mvumo huisha ukiikata ile pini ndefu ya juu ya plagi, au ukitumia plagi ya pini mbili kwa chombo kilichoundwa kuwa na tatu. Ni kweli kwamba mvumo huenda ukanyamaza, kwa sababu kitanzi kimekatwa. Lakini kilichokatwa ndicho kinga ya nyumba. Siku waya wa moto utakapogusa bati la chombo, umeme ulipaswa kukimbilia ardhini na kuifanya fyuzi ikatike. Pasipo njia hiyo, umeme husubiri mkono wa kwanza utakaogusa. Na katika shughuli yetu hii, mkono huo ni wa mzee aliyeshika maikrofoni ya chuma, au wa mtoto aliyekuja kutazama.

Ukihisi mwasho au kishindo kidogo unapogusa kisanduku, maikrofoni au bati la kompyuta, acha kila kitu. Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha umwite fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, aupime waya wa ardhi wa nyumba. Huku kwetu Pwani hewa ya chumvi hula vyuma na viungo vya waya, na nyumba nyingi za zamani zilitiwa umeme miaka mingi baada ya kujengwa. Mvumo usioisha kwa njia zote tulizotaja huenda ni nyumba inayowaonya wenyewe kwamba ardhi yake haipo.

Siku ya kurekodi

Mambo yakishatengenea, mwombe mzee idhini, na umweleze nani watasikiliza. Chagua wakati ambapo mtaa umetulia. Nasa kwanza kimya cha nusu dakika, kisha maneno machache ya maamkizi, na uyasikilize kabla hajaanza utendi wenyewe. Ihifadhi rekodi asili bila kuibana, na nakala yake uiweke mahali pengine.

Kazi yote hii haizidi jioni moja, na vijana wa nyumba wanaweza kuifanya siku moja kabla, huku kina mama wakitayarisha chai. In shaa Allah, vijukuu ambao bado hawajazaliwa watamsikia bibi yao akivuta pumzi baina ya ubeti na ubeti, bila mvumo wa kumfunika.