Usingizi wa Mgonjwa Mahututi ni Sehemu ya Tiba

Katika chumba cha wagonjwa mahututi, usiku na mchana hufanana. Taa huwaka, kengele za mashine hulia, na mgonjwa huamshwa mara kwa mara ili apimwe, ageuzwe au atolewe damu. Huenda akalala kwa jumla ya saa 7 hadi 9 katika saa 24, lakini usingizi huo huwa wa vipande vipande, takriban nusu yake huangukia mchana, na usingizi mzito hupungua sana.

Ni kosa kudhani kwamba mgonjwa aliyepewa dawa ya kutuliza amelala. Dawa za kundi la benzodiazepini, kama vile midazolamu, humfumba macho lakini hupunguza usingizi mzito. Aidha, huongeza hatari ya deliriamu, yaani kuchanganyikiwa akili kwa ghafla. Mgonjwa wa aina hiyo hupotewa na wakati na mahali, huona visivyokuwapo, na anaweza kung'oa mirija inayomsaidia kuishi. Kukosa usingizi nako huhusishwa na hali hiyohiyo.

Kelele ni adui wa kwanza. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wastani wa sauti katika vyumba vya wagonjwa usizidi desibeli 30 usiku. Vyumba vingi vya wagonjwa mahututi hupita desibeli 50. Adui wa pili ni mwanga, kwa kuwa huzuia mwili kutengeneza melatonini, homoni inayouarifu kuwa usiku umeingia.

Mwongozo wa kitaalamu uliotolewa Marekani mwaka 2018 ulipendekeza hatua kadhaa zitumike kwa pamoja: kupunguza kelele na mwanga usiku, na kumpa mgonjwa vizibo vya masikio na kitambaa cha kufunika macho. Kuhusu vidonge vya melatonini, mwongozo huo haukutoa pendekezo lolote.

Hatua hizo hazihitaji fedha nyingi. Wauguzi wanaweza kukusanya kazi zao ili, kwa mfano, kati ya saa 6 usiku na saa 10 alfajiri mgonjwa aliyetengemaa asiguswe bila sababu. Vipimo vya mgonjwa ambaye hali yake haijatulia visiahirishwe kamwe. Viwango vya kengele vipangwe kulingana na hali ya kila mgonjwa, na maumivu yatibiwe mapema, kwani mwenye maumivu halali hata penye kimya.

Ndugu nao wana nafasi yao. Wamletee mgonjwa miwani yake, wamtajie siku na saa, na wazungumze naye mchana ili usiku apumzike. Wamweleze daktari kama alizoea pombe au vidonge vya usingizi nyumbani, kwa maana kuviacha ghafla huleta hatari.

Baada ya kuruhusiwa, mgonjwa anaweza kuendelea kukosa usingizi au kuota ndoto za kutisha kwa wiki au miezi. Huo si udhaifu wala wazimu. Amweleze daktari katika kliniki ya marejeo.