Shimo la barabarani linaua kuliko tunavyokiri

Kila masika yanapoichimba lami ya Dar es Salaam, wenye magari hulalamikia foleni na shokapu. Kwa dereva wa bodaboda hesabu ni nyingine. Gurudumu moja la gari likizama, matatu yanalibeba. Gurudumu la mbele la pikipiki likigonga ukingo wa shimo, usukani unapinda, na dereva na abiria wake wanaruka. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde, na shimo lililojaa maji halionyeshi kina wala ukingo. Na hatari haiishii kwa anayetumbukia. Anayelikwepa huhamia upande wa lori linalokuja, au hupanda pembezoni walipo wanafunzi na wauza matunda. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, zaidi ya nusu wakiwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Hao ndio wasio na bodi ya chuma ya kuwakinga, na ndio wanaoonewa na shimo.

Wapo wasemao kuwa tatizo ni bodaboda wenyewe: mwendo kasi, mshikaki wa abiria, kofia ngumu iliyoning'inizwa kwenye kioo. Ni kweli, na sheria iwabane. Lakini shimo halichagui mkaidi. Humwangusha hata aliyevaa kofia na kwenda taratibu usiku. Wengine hudai kuwa mashimo angalau hupunguza mwendo, na lami laini itazidisha vifo. Kazi hiyo ni ya tuta. Tuta hukaa mahali pamoja, hupakwa rangi na huwekewa alama. Shimo huongezeka kila mvua inyeshapo, na jana halikuwapo.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha. TANROADS na TARURA, wakala za serikali zinazosimamia barabara, zina mtandao mrefu kuliko mifuko yao. Ila shimo huanza kama ufa. Mtaro ukiziba, maji hupenya kwenye ufa, hulainisha tabaka la chini, kisha magurudumu humalizia. Kuzibua mtaro na kuziba ufa kabla ya mvua ni nafuu kuliko kuifumua barabara baadaye. Kifusi kinachomwagwa shimoni husombwa na mvua ya kwanza. Kiraka cha kudumu hutaka kingo zikatwe, tope liondolewe, kokoto zishindiliwe, ndipo lami imwagwe. Dereva wa bodaboda huchangia Mfuko wa Barabara kila anunuapo petroli, kwa tozo iliyomo kwenye bei. Ana haki ya kudai muda maalumu wa kuziba kila shimo lililoripotiwa, na alama ya tahadhari siku hiyohiyo, wakati kiraka kikisubiriwa.