Zulia la Idd: Ukodi Mashine Uoshe Mwenyewe au Umwite Fundi?

Kila Ramadhani ikikaribia, hapa Mombasa huingia msimu ambao hauandikwi kwenye kalenda: msimu wa mazulia. Utayaona yamening'inia kwenye roshani za Mji wa Kale, yametandazwa juu ya kuta Majengo na Kisauni, na Likoni yamelazwa uani huku watoto wakiyakanyaga kwa povu. Kila mtu ataka Idd imkute sebule yake inang'ara.

Zamani kazi hii ilikuwa ya fimbo, sabuni na ndoo. Siku hizi simu zetu zimejaa matangazo. Huyu akwambia ana mashine, uikodi kwa siku ujioshee mwenyewe. Yule asema atakuja nyumbani na vijana wake na kila kitu, wewe ukae uangalie tu. Na swali ambalo kina mama waniuliza ni moja: lipi lina nafuu?

Ndugu msomaji, nafuu hapa haianzi kwenye bei. Adui mkubwa wa zulia la pwani si uchafu, ni maji yanayobaki ndani yake baada ya kuoshwa. Ukilijua hilo, kuchagua kutakuwa rahisi.

Haya nayasema kwa sababu yametukuta. Mwaka mmoja sisi nyumbani tulikodi mashine mwezi wa Mei, mvua ya masika imeshika. Zulia lenyewe lilikuwa la mama, aliletewa na kakake kutoka Maskati. Tukaliosha, jioni tukaligusa juu tukaona limekauka, tukarudisha makochi. Siku ya tatu uvundo ukajaa chumba kizima. Tulipoliinua, mgongo wake ulikuwa na madoa meusi ya ukungu na gundi imeanza kuachana. Mama hakugomba. Alisema tu, "Basi, likunjeni mliweke." Mashine haikuwa na kosa. Sisi ndio hatukujua tulichokuwa tukifanya.

Mashine yafanyaje kazi?

Mashine hizi huwa na matangi mawili. Moja la maji safi yaliyotiwa dawa, jingine la maji machafu. Ukibonyeza, maji hupulizwa ndani ya nyuzi, kisha hapo hapo hufyonzwa yakiwa na uchafu wake. Kwa hivyo kazi ni mbili, kumwaga na kufyonza, na ya pili ndiyo muhimu zaidi.

Mashine nyingi za kukodi hazichemshi maji, wewe ndiye utakayejaza ya moto. Nguvu yake ya kufyonza pia kwa kawaida ni ndogo kuliko ya mashine kubwa za mafundi. Hapo ndipo penye tofauti. Zulia lililofyonzwa vizuri hukauka kwa saa chache. Lililolowa mpaka mgongoni hukaa siku nzima na zaidi, na ukungu waweza kuanza kuota kati ya saa 24 na 48. Kwenye nyumba yenye mtu wa pumu, hilo si jambo la harufu peke yake.

Zulia lako ni la nini?

Kabla ya kumpigia mtu simu, geuza pembe ya zulia uangalie. Mengi yauzwayo madukani kwetu ni ya nyuzi za viwandani. Hayo ni magumu na huvumilia mashine. Lakini yako ya sufu, na mengine mgongo wake umefumwa kwa juti. Sufu hunywa maji mengi na haipatani na dawa kali. Ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe hula nyuzi za sufu kabisa. Juti nayo ikilowa sana hutoa rangi ya kahawia, ikapanda mpaka juu.

Kama huna hakika, chomoa uzi mmoja mgongoni, uushike kwa kibano juu ya sinia, uuchome. Ukinuka kama nywele zilizoungua na ukawa jivu la kuvurugika, hiyo ni sufu. Ukiyeyuka ukaganda kama ushanga mgumu, ni wa kiwandani.

Kisha jaribu rangi. Lowesha kitambaa cheupe, kikandamize juu ya kila rangi kwa dakika chache. Kikitoka na rangi, zulia hilo huchuja, usiliguse kwa mashine. Mwachie anayejua.

Maji ya kisima

Hili watu wengi hawalifikirii. Maji ya mfereji yakikatika, wengi wetu hutumia ya kisima, na kisiwani mengi yana chumvi. Maji ya aina hii hayatoi povu vizuri, kwa hivyo mtu huongeza sabuni, na sabuni ikibaki ndani hunata vumbi. Wiki mbili baadaye zulia ni chafu kuliko mwanzo. Chumvi nayo huvuta unyevu wa hewani, na hewa yetu yajulikana. Zulia litabaki na ubichibichi usioisha. Ukiosha mwenyewe, tafuta maji matamu, hasa ya suuza ya mwisho.

Mkojo wa mtoto una tabia hiyo hiyo. Chumvi zake hubaki chini, na siku hewa ikiwa nzito harufu hurudi hata baada ya kuoshwa. Yataka dawa yake maalumu na suuza ya kutosha mpaka chini. Na kwa anayeswalia juu ya zulia hilo, ajue kuwa kulipaka povu na kulifuta si sawa na kulisuuza. Namna ya kulitahirisha amuulize mwalimu wake kabla ya kulipa.

Hesabu ya pesa

Mafundi wengi hutoza kwa futi ya mraba. Zulia la futi 9 kwa 12 ni futi 108. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, ni shilingi 30 kwa futi: hiyo ni shilingi 3,240. Pima mwenyewe kabla hajafika, usipimiwe.

Ukikodi mashine, usihesabu kodi peke yake. Ongeza dhamana, tuktuk ya kwenda na kurudi, dawa, stima na gesi ya kuchemshia maji, na siku yako nzima. Kwa zulia moja dogo, mara nyingi fundi hashindwi. Kwa mazulia manne au matano, au majirani watatu wakichanga kukodi mashine moja, hapo kukodi kwaanza kuwa na maana.

Ukiamua kujioshea

Fagia au fyonza vumbi kwanza, maana vumbi likipata maji ni tope. Tumia dawa kidogo kuliko unavyotaka. Pitisha mashine mara moja ukimwaga maji, halafu mara mbili tatu ukifyonza tu, mpaka usione tena maji yakipita. Fungua madirisha, washa feni, inua pembe upepo upite chini. Kama waweza kulitoa nje, lianike penye upepo na kivuli, au uligeuze mgongo juani, kwa sababu jua letu hupausha rangi. Usirudishe makochi mpaka mgongo umekauka. Usiamini uso wake, weka kiganja chini.

Ukimwita fundi

Muulize mambo manne. Atatumia dawa gani kwa aina ya zulia lako? Atatumia maji gani? Litakauka kwa saa ngapi? Na likiharibika, nani atalipa? Anayejua kazi yake atakujibu bila kukasirika, na ataligeuza zulia aangalie mgongo kabla ya kutaja bei. Anayelitazama kwa juu tu akasema "hilo ni dogo, mama," mshukuru umpe kwaheri. Na zulia likichukuliwa, lipige picha kwanza, na mkubaliane siku ya kurudishwa. Wiki ya mwisho ya Ramadhani wengi huwa wamezidiwa, na mazulia hurudishwa mabichi.

Kwa hivyo nafuu iko wapi?

Zulia la kiwandani, si kubwa, uchafu wa kawaida, maji matamu yapo na upepo wa kaskazi wavuma: kodi mashine, jioshee, mola akuzidishie nguvu. Zulia la sufu, la thamani, linalochuja rangi, lililogandishwa sakafuni, lenye mkojo wa siku nyingi, au ni wakati wa masika: mwite fundi.

Miaka hii tuna bahati, Ramadhani yaangukia kwenye kaskazi, hewa ni kavu kidogo na jua lipo. Lakini kila mwaka hurudi nyuma siku kama 11, na iko miaka itakayotukuta kwenye mvua. Hata hivyo usingoje siku tatu za mwisho. Osha mapema, ndani ya Shaaban, zulia lipate muda wake wa kukauka.

Lile la mama bado tunalo, limekunjwa juu ya kabati. Hatujaweza kulitupa, na hatuwezi kulitandika.