Pete Ilionwa, Vipande Vyepesi Vikasahaulika

Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kijijini Mukuku, Makueni. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni kipande cha roketi, na kamera zote zikaigeukia pete.

Mimi nilivutiwa zaidi na vipande vilivyoripotiwa kuokotwa kilomita kadhaa kutoka hapo, vilivyofanana na nyuzi za kaboni na karatasi za kukinga joto. Marco Langbroek, Mholanzi anayefuatilia setilaiti, alikisia kuwa masalia hayo ni ya roketi ya Ariane iliyorushwa Julai 2008. Ni dhana tu, lakini ikiwa kweli, yalizunguka juu yetu miaka 16.

Vitu visivyo chuma huvumiliaje huko? Aprili 1984 NASA iliacha angani mtambo mkubwa kama basi, LDEF, uliojaa sampuli. Ulitakiwa kukaa mwaka mmoja hivi. Ukaja kuchukuliwa Januari 1990. Upande wa mbele, utando mwembamba wa plastiki ya Kapton ulikuwa umeliwa ukaisha, na Teflon iliyong'aa imefifia ikawa nyeupe. Mlaji ni oksijeni ya atomu mojamoja, ambayo mtambo huigonga kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Jua nalo lina yake. Aliyeona tangi la plastiki likipauka na kupasuka kwa jua la Kitui anaijua kazi ya mionzi ya urujuanimno. Huko juu hakuna hewa ya kuipunguza. Kichekesho ni kwamba rangi nyeupe iligeuka kahawia upande wa nyuma, ila mbele ilibaki nyeupe, kwa sababu oksijeni hiyohiyo iliisugua kahawia hiyo ikatoka.

Wakati wa kuanguka mambo hugeuka. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi. Kaboni haiyeyuki hivyo. Gundi inayozishikanisha nyuzi za kaboni huungua, nyuzi zenyewe zikafika ardhini.

Basi ukiokota kipande cheusi chenye nyuzi, Makueni au ng'ambo ya mto Athi upande wa Kitui, usikitumie kuezeka banda la kuku wala usiwape watoto. Nyuzi zilizokatika hudunga ngozi, na vumbi lake si la kuvuta. Mwite chifu au polisi.