Mlango Mmoja wa Kacyiru Uligeuka Milango Mingi

Julai 2009, katika hospitali ya polisi ya Kacyiru jijini Kigali, kilifunguliwa kituo kilichoitwa Isange, neno la Kinyarwanda la kumkaribisha mtu ajione yuko kwao. Wazo lake lilikuwa jepesi kueleza, gumu kutekeleza: mwanamke aliyepigwa au mtoto aliyebakwa aingie mlango mmoja, na humo amkute daktari, mpelelezi, mshauri nasaha na mtu wa sheria, bila kutoa faranga hata moja. Tanzania vituo vya aina hii huitwa Mkono kwa Mkono, na jina hilo limebeba maana yote: manusura anatoka mkono huu anapokewa na ule, wala haachwi aanguke katikati.

Leo vituo vya Isange ni zaidi ya 40, kwenye hospitali nchi nzima. Kwa hiyo anayesema kwamba wazo hilo la mlango mmoja limedidimia lazima aseme ni kwa nini. Huduma hazikupungua. Kilichopungua ni kile kilichoziunganisha.

Kacyiru ilikuwa na bahati ambayo haikuwekwa wazi ilipoigwa kwingine. Hospitali ilikuwa ya polisi, upelelezi ulikuwa wa polisi, na dawati la jinsia, lililoanzishwa mwaka 2005, nalo lilikuwa la polisi. Mkubwa alikuwa mmoja. Faili likikwama, palikuwa na mtu wa kuulizwa. Mfumo huo uliposambazwa hadi hospitali za wilaya, muuguzi alibaki chini ya hospitali yake, mpelelezi chini ya jeshi la polisi. Mwaka 2017 sheria ikaunda Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, na mwaka uliofuata ikachukua upelelezi kutoka kwa polisi, pamoja na Isange. Mwaka huohuo maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa jinai ilianza kazi, na sampuli za vinasaba zilizokuwa zikipelekwa nje zikapimwa Kigali. Kila hatua ilikuwa na sababu njema. Lakini kila hatua iliongeza mkubwa mwingine, na si wazi ni nani kati yao mwenye kazi ya kumfuata manusura kutoka ofisi hadi ofisi.

Tuchukue mfano wa mwanamke wa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, aliyepigwa na kubakwa na mumewe usiku wa Ijumaa. Ana saa 72 za kupata dawa za kumkinga na VVU, na ushahidi mwilini mwake unafifia kadiri saa zinavyopita. Hapo Isange hufanya kazi yake. Ugumu huanza baadaye. Makazi ya muda yana mwisho. Ripoti ya daktari iende kwa mpelelezi, faili liende kwa mwendesha mashitaka, naye mwanamke atafute msaada wa sheria kwenye MAJ, ofisi ya msaada wa sheria ya wilaya, au shirika la Haguruka. Wakati huohuo ndugu wa mume wamefika na maneno ya siku zote, niko zubakwa, ndivyo nyumba zinavyojengwa. Anayelipa kodi ya nyumba na ada za shule ni mtuhumiwa. Ofisi tano zinamfahamu mwanamke huyu kwa namba ya faili. Hakuna inayompigia simu Jumatatu. Akiacha kesi, kila ofisi itaandika kwa haki kwamba yeye ndiye aliyejitoa.

Mashirika ya kiraia ndiyo yaliyokuwa yakiziba pengo hilo, na yalitegemea fedha za wafadhili. Mradi wa Indashyikirwa, ulioendeshwa na CARE, RWAMREC na Rwanda Women's Network kwa fedha za Uingereza, ulithibitisha kwa utafiti makini kwamba mafunzo kwa wenzi hupunguza sana ukatili ndani ya ndoa. Hata hivyo ufadhili wake uliisha 2018. Mwaka 2025 Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID, na Uingereza na Ujerumani zikasitisha sehemu ya misaada kwa Rwanda kwa sababu ya vita vya Kongo mashariki. Fedha zinapokauka, dawa hutetewa kwanza. Nauli, simu na vikao vya kufuatilia mashauri ndivyo vinavyokatwa mapema.

Takwimu za afya na idadi ya watu za 2019-20 zilionyesha kuwa asilimia 37 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15; miaka mitano nyuma ilikuwa 35. Namba hiyo hukusanya yaliyowapata miaka yote tangu umri huo, na huenda wengi zaidi wamepata ujasiri wa kusema. Haithibitishi kwamba vituo vimeshindwa. Inatuzuia tu kuhesabu vituo tukadhani tumehesabu usalama.

Rwanda haihitaji kubuni chombo kipya. Kila mudugudu, yaani kijiji, una Inshuti z'Umuryango wawili, marafiki wa familia, mwanamke na mwanamume, wanaoijua nyumba yenye kilio. Kila wilaya hutia saini imihigo, ahadi ambazo meya huulizwa mwisho wa mwaka. Iandikwe humo idadi ya manusura waliokuwa na mtu mmoja, mwenye jina, aliyewafuata tangu usiku wa kwanza hadi siku ya hukumu, na mtu huyo alipwe kutoka bajeti ya wilaya. Meya atakapoulizwa kuhusu mwanamke wa Nyamirambo, na si kuhusu jengo, ofisi tano zitakuwa tena na sababu ya kupigiana simu.