Je, Wajua? "Fewer" Ilianza Kama Pendekezo Tu

Kanuni ya kwamba "fewer" ni ya vitu vinavyohesabika na "less" ya visivyohesabika haikuwapo tangu mwanzo wa Kiingereza. Mfalme Alfred, katika karne ya 9, alitumia "less" hata kwa vya kuhesabika. Mwaka 1770 Mwingereza Robert Baker aliandika kwamba kwa vitu vya kuhesabika "fewer" ingependeza zaidi. Ingependeza, hakusema ni lazima. Waliomfuata ndio walioifanya sheria, na wanafunzi wanaadhibiwa nayo hadi leo.

Sheria yenyewe ina matundu. Kwa dola 5, kilomita 5 au dakika 5, Mwingereza husema "less than five" bila wasiwasi, maana anaona kiasi kimoja cha fedha, umbali au muda. Mwaka 2008 maduka ya Tesco, Uingereza, yaliyokuwa yakilaumiwa kwa mabango ya "10 items or less", yaliukwepa ubishi: yakaandika "Up to 10 items".

Kiingereza hutenganisha hivyo hivyo "many" na "much", ila sisi Waswahili tuna -ingi, inayotosha watu wengi na maji mengi. Kinachotuponza zaidi ni fanicha. Dukani tunanunua fanicha tatu, lakini "three furnitures" haikubaliki. Ni "three pieces of furniture". "Advices" na "informations" nazo ni vivyo hivyo, na barua za maombi ya kazi zimejaa zote mbili. Ukikwama kati ya "much" na "many", tumia "a lot of". Hiyo hupita kote.