Kuisoma Rada ya Mvua na Kupanga Kazi za Shule

Mwalimu wa shule ya msingi, hasa wa kijijini, hufanya kazi nyingi nje ya chumba cha darasa: shamba la shule, michezo, ziara za kukusanya mimea, bila kusahau safari ya kila siku ya watoto kurudi makwao. Kazi hizo zote mvua huweza kuzivuruga, na baadhi yake huweza kuzigeuza kuwa hatari. Siku hizi wanachuo wengi huwa na simu zinazoonyesha picha za mvua za papo hapo, nao huzisoma kama wasomavyo saa ya ukutani. Picha hizo si saa. Yafaa tueleze zinavyopatikana na zinavyosomwa, ndipo tuone jinsi ya kuzifundisha.

Rada hutupa angani mipigo mifupi ya mawimbi ya redio, kisha hunyamaza na kusikiliza. Mawimbi yakigonga matone ya mvua, sehemu ndogo yake hurudi, kama mwangwi wa sauti urudivyo kutoka jabalini. Mawimbi hayo huenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Kwa hiyo mwangwi uliorudi baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde umesafiri kilometa 300, kwenda na kurudi, na mvua iko umbali wa kilometa 150. Mahali dishi linapoelekea huonyesha upande wa mvua, na nguvu ya mwangwi huonyesha ukubwa wake. Aghalabu rangi ya buluu au kijani ni mvua nyepesi, manjano ni ya wastani, nyekundu ni kubwa.

Hata hivyo, ukubwa huo ni makadirio. Tone lenye kipenyo cha milimeta 4 lina maji mara 8 ya tone la milimeta 2, lakini mwangwi wake ni mara 64. Matone machache makubwa, au mvua ya mawe, huweza kuipaka ramani wekundu kuliko maji yanayoanguka. Tena, mlima ukisimama mbele ya rada huficha mvua iliyo nyuma yake. Na kwa kuwa dunia ni mviringo, mawimbi yaliyoelekezwa juu kidogo tu, nusu digrii, hupita yapata kilometa moja na nusu juu ya ardhi yafikapo umbali wa kilometa 100. Manyunyu yaliyo chini ya hapo hayaonekani kabisa.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Rada za hali ya hewa hazikuenea kila mahali. Nchini Tanzania zipo, mathalani, Dar es Salaam na Mwanza, lakini si kila kijiji kimo ndani ya upeo wa rada. Mahali ambapo rada haifiki, ramani nyingi za simu hujaza nafasi hiyo kwa makadirio yatokanayo na setilaiti au mahesabu ya kompyuta, na rangi huwa zile zile. Setilaiti hutazama mawingu kutoka juu. Wingu refu lenye kilele baridi hukisiwa kuwa lina mvua, hata kama chini yake ni pakavu. Basi kabla ya kuiamini picha, mwalimu asome maelezo yake: imetoka kwenye chombo gani, na imepigwa saa ngapi? Picha ya nusu saa iliyopita ni habari ya nusu saa iliyopita.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa la namna nyingine. Nilipokuwa nikisimamia mazoezi ya kufundisha, niliruhusu Darasa la V livuke korongo kavu kwenda kukusanya majani. Nilikuwa nimetazama simu: juu ya shule yetu hapakuwa na rangi yoyote. Mtoto mmoja aliniambia, “Mwalimu, milimani kumenyesha.” Nikamjibu kwamba ramani inaonyesha kukavu. Tuliporudi, korongo lilikuwa limejaa maji mekundu kutoka ukingo hadi ukingo, na jua lilikuwa likituwakia. Tulikaa ng'ambo hadi giza lilipokaribia. Hakuna aliyeumia, lakini wazazi walikuwa wamekwisha kusanyika upande wa pili, na sikuwa na la kuwaambia. Jioni niliitazama tena ile picha. Doa jekundu lilikuwapo tangu mwanzo, juu ya milima ambako korongo lile huanzia. Mimi nilitazama nukta ya shule tu.

Tangu hapo huwataka wanachuo wangu wafanye jambo moja kabla ya kugusa simu: kuchora ramani ya shule pamoja na mito na makorongo yanayovukwa na watoto, na kuonyesha kila moja hutoka upande gani. Wazee wa kijiji hulijua jambo hilo vizuri, na watoto pia.

Somo lenyewe lafaa Darasa la VI. Anza uwanjani: mtoto arushe mpira ukutani, kwanza kwa karibu, kisha kwa mbali, na wenzake wahesabu muda wa kurudi. Darasani, chora ubaoni miraba, kila mraba kilometa 10, na uweke shule katikati. Weka doa la mvua kwa chaki ya rangi kilometa 40 mashariki saa 7.00 mchana, kisha kilometa 30 saa 7.20. Wanafunzi watatambua kwamba doa limekwenda kilometa 10 kwa dakika 20, yaani kilometa 30 kwa saa; likiendelea hivyo litafika saa 8.20. Sasa uliza: mtoto atembeaye saa nzima kufika kwao, akiondoka saa 8.00, mvua itamkuta wapi? Hapo hesabu hupata uhai.

Usiwaache waamini kwamba jibu hilo ni la hakika. Wingu moja la ngurumo mara nyingi huishi chini ya saa moja. Huweza kufa njiani, na jingine likazaliwa mahali pasipokuwa na kitu. Kwa sababu hiyo mwalimu wa zamu asikadirie kwa doa zaidi ya saa moja mbele, na atazame picha mpya kabla ya kengele ya mwisho.

Picha ya mvua haionyeshi radi. Kwa radi tumia masikio: hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, kila sekunde 3 ni yapata kilometa 1. Zikiwa 30 au pungufu, watoto waingie ndani, wala wasitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mwembe wa uwanjani si mahali pa kujikinga.

Shule isiyo na simu wala umeme haikukosa somo hili. Kopo lenye kuta zilizonyooka na rula vyatosha kupima mvua kila siku saa 3 asubuhi. Milimeta moja koponi ni lita moja ya maji kwa kila meta mraba ya shamba. Palipo na simu, linganisha daftari la kopo na rangi zilizoonekana jana yake; baada ya muhula mmoja mtajua rangi ipi huwadanganya hapo kwenu.